Amefunga

Mwanamke akipiga pasi nguo za watu miaka na miaka, hujifunza kusoma mambo yasiyoandikwa. Kola humwambia nani analala na wasiwasi. Mkono wa shati humwambia nani anashinda ameegemea meza bila kazi. Mfuko ndio usiseme, mfuko hauna siri hata moja. Ndiyo maana wenzake pale kwenye jengo la kufulia walimwita Mama Pasi, na jina lake la ubatizo likabaki kanisani.

Kwa hiyo Jumamosi ile, alipoitandaza suruali ya kazi ya mumewe juu ya meza, akaona magotini mabaka mawili ya mviringo, vumbi la mbao lililosuguliwa mpaka likaingia kwenye nyuzi, hakuweza kujifanya hajaona.

Mumewe alikuwa mtunza stoo katika karakana ya samani. Mtunza stoo hukaa kwenye kiti, huwapa mafundi misumari na gundi, hupokea mbao zikiletwa, basi. Ama amekaa, ama amesimama. Wapi na wapi na magoti?

"Baba watoto," aliita, "siku hizi huko kazini mnatambaa?"

Mumewe alikuwa sebuleni akipiga viatu rangi. "Stoo ni ndogo, mama watoto," akajibu. "Vya chini huokotwa chini."

Jibu lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kupita kiasi. Mama Pasi alimjua mtu wake: ukimuuliza jambo ghafla, kwanza husema "Eeh?", kisha hukuna shingo, kisha ndipo hutafuta la kusema. Safari hii "Eeh?" haikuwepo. Jibu lilitoka limenyooka, kama shati lililokwisha kupigwa pasi. Na nguo iliyonyooka hivyo, alijua, kuna mkono umepita.

Tangu hapo akaanza kumkagua.

Akaona mafuta ya nywele. Mwanamume ambaye nywele zake zilikuwa zimehama zenyewe, moja moja, bila kuaga, alikuwa amenunua chupa ya mafuta yanayonukia, akaiweka bafuni nyuma ya sabuni ya unga. Akaona pia kwamba zipo siku, Jumatano na Ijumaa, anaamka mapema, ananawa uso vizuri, anajipaka yale mafuta kichwani, kisha anatoka huku akiimba kwa puani. Siku nyingine alitoka na uso wa mtu anayekwenda kusikia kwamba kazi imekwisha, kama walivyo wanaume wote. Na siku hizo za kuimba, chai hagusi.

"Nitakunywa huko huko," anasema.

Huko wapi?

Lakini kilichomnyima raha kabisa ni hotipoti. Kila asubuhi alimfungia mumewe chakula cha mchana, na miaka yote hotipoti ilirudi jioni na punje za wali zilizokauka, kijiko kimegandia mchuzi. Sasa, Jumatano na Ijumaa, ilirudi imeoshwa. Si kusuuzwa. Kuoshwa, kukaushwa, na kijiko kimeviringishwa kwenye kitambaa. Huyu ni mtu aliyesihiwa aoshe japo kikombe chake, akasihiwa mpaka msihi akachoka.

Alimwambia shoga yake wa meza ya pili, yule waliyempa jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Imeoshwa?" Redio akasimamisha pasi yake.

"Imeoshwa. Mpaka ule mpira wa kwenye kifuniko."

"Mwenzangu, hiyo si hotipoti tena. Hiyo ni salamu."

"Salamu ya nani?"

"Ya mwanamke. Mwanamume haoshi mpira wa kifuniko. Hata hajui kama unatoka! Mwanamke mwenzio anakwambia, mimi nipo, na nyumba yangu ni safi kuliko yako."

Mama Pasi akaweka pasi chini. "Na magoti?"

"Mwanamume anapiga magoti mara mbili maishani," Redio akasema, akitia maji kwenye pasi. "Anapochumbia na anapofumaniwa. Haya, chagua. Na pale karakana si kantini imepata mama mpya? Yule mwenye mwanya, akicheka na wewe unacheka hata kama umefiwa?"

"Wewe umejuaje?"

"Dada, mimi Redio." Akainama karibu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo zenyewe unazifua wewe."

Msidhani Mama Pasi hakuwa mwombaji. Alikuwa mwombaji hasa. Aliomba akiwa amesimama, pasi mkononi, mvuke ukimpanda usoni, na maombi yake hayakuwa na nukta wala mkato. "Bwana, wewe unaona. Jumatano ametoka hajanywa chai, unaona. Hotipoti unaiona. Hayo mafuta nani kamwambia anunue? Nifunulie, Bwana. Nionyeshe nyumba, nionyeshe mlango, mengine niachie mimi." Na kwa kuwa hakuacha hata nafasi ya pumzi, hakupata kujua kama amejibiwa. Badala yake alichukua chochote kilichotokea kuwa jibu. Bomba la mvuke likifoka, naam, Bwana ameghadhibika. Kibanio kikianguka, ndoa inaanguka.

Alipeleka hata kwenye ushirika wa akina mama ombi la "dada mmoja mwenye mzigo." Wakamwombea huyo dada kwa bidii, macho yamefumbwa. Waliposema amina na kufumbua, akaona wote wanamtazama kwa huruma. Mama Pasi akarudi nyumbani akiwa na shaka nao pia. Kumbe wanajua! Kumbe nimebaki mimi! Hata mchungaji, aliyempa mkono mlangoni na kumuuliza, "Mzee hajambo?", akamtia kwenye mizani. Kwa nini amemuulizia? Ana habari gani?

Shaka ni kama rangi ya nguo mpya. Ukiichanganya na nyingine kwenye beseni moja, zote zinatoka zimebadilika.

Ijumaa iliyofuata aliomba ruhusa, akaenda mwenyewe karakana saa ya chakula cha mchana.

Langoni mlinzi alimwona kwa mbali akainuka, uso wote meno. "Shemeji! Karibu, karibu. Mikono yako ibarikiwe, mama."

"Kwa lipi?"

Mlinzi akakohoa. Alikuwa mtu mkondefu mwenye sare kubwa kuliko yeye. "Kwa... kwa kututunzia mzee wetu," akasema, na macho yakakimbilia chini ya kiti chake, ambako palikuwa na kitu kimefunikwa kwa kofia.

Mama Pasi akaliweka hilo moyoni, akapita. Mpaka mlinzi amenunuliwa, akawaza.

Kantini ilikuwa pembeni mwa ua, na mama mwenye mwanya alikuwepo kweli, anapakua, anawatania mafundi. Mumewe hakuwa miongoni mwao.

"Mtunza stoo?" mama wa kantini akasema. "Haji hapa tangu nimeanza kazi. Nikadhani chakula cha nyumbani kitamu, nikakuonea wivu bure, dada." Akacheka. Na kweli, Mama Pasi alitaka kucheka naye, na hilo likamuudhi zaidi. Mtu asiye na hatia hawezi kuwa mtulivu hivyo, akajiambia. Au basi si huyu. Kama si huyu, ni mwingine, na mwingine usiyemjua ndiye mbaya zaidi.

Akaifuata stoo. Mlango ulikuwa umeshindikwa. Kufuli lilining'inia kwenye kitasa, halijafungwa, maana yake mtu yumo ndani. Fundi mkuu alikuwa ameegemea rundo la mbao, penseli sikioni, anamalizia mkate wake.

"Habari za kazi, fundi. Namuulizia mtunza stoo."

Fundi mkuu akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Amefunga, mama."

Mama Pasi akautazama mlango. "Naona."

"Sasa saa hii si vizuri kumkatiza. Akimaliza nitamwambia ulipita."

*Akimaliza!* Damu ilimpanda mpaka kwenye masikio. "Huwa anafunga mara nyingi?"

"Jumatano na Ijumaa. Tumeshazoea. Kwa kweli sisi hapa tunamheshimu sana kwa hilo."

"Mnamheshimu."

"Sana. Si wanaume wengi wa umri wake wanaoweza."

Mama Pasi akauelekezea mlango kidole. "Na humo ndani yuko peke yake?"

Fundi mkuu akatabasamu, tabasamu la mtu mwenye siri nzuri. "Hilo, mama, ukimuuliza mwenyewe, atakwambia hayuko peke yake."

Akasogea mpaka mlangoni. Ndani palikuwa na sauti. Ilikuwa ya mumewe, ya chini, laini, inakwenda na kusimama, kama ya mtu anayembembeleza mwenzake na kungoja ajibiwe. Sauti ile aliijua. Aliwahi kusemeshwa kwayo siku za uchumba, na tangu hapo hakuisikia tena.

Mkono wake ulifika kwenye kitasa. Haukufungua. Mke wa mtu hapigani mbele ya mafundi, tena wenye nyundo. Mambo haya yana mahali pake. Akageuka, akapita kantini bila kuaga, akampita mlinzi aliyekuwa ameinama anatafuna, akatoka.

Jioni ile ile alikwenda kwa mama msimamizi, yule aliyesimama naye madhabahuni siku ya harusi, na ambaye, pamoja na mumewe, ndio waliokuwa wazee wa ndoa yao. Mama msimamizi alimsikiliza huku akichambua mchele kwenye sinia.

"Nataka kikao," Mama Pasi akamaliza. "Jumapili, baada ya ibada, hapa kwenu. Mwiteni mwenzangu. Nikishasema yangu, aondoke. Nguo zake nimeshazitia kwenye begi."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu! Fundi mkuu mwenyewe kanithibitishia."

"Umeliombea?"

"Mpaka koo limekauka."

"Hapo ndipo ninapoona kosa lako." Mama msimamizi akatupa kijiwe dirishani. "Mimi nimekusikia ukiomba. Wewe huombi, unashitaki. Unasoma mashitaka, unaleta ushahidi, unataja na adhabu, halafu unatoka mahakamani hakimu hata hajafungua kinywa. Kesho nenda mbele zake, piga magoti, unyamaze. Usimwambie kitu. Anajua."

"Na yeye akinyamaza?"

"Basi mtakuwa wawili mmenyamaza. Wanaopendana hufanya hivyo, wala hawafi."

Mama Pasi aliaga akiwa amenuna. Njiani akawaza kwamba labda mumewe amekwisha kuwahi kwa wazee na kuwalainisha. Mbona bibi huyu hakushtuka? Mbona mikono yake haikuacha mchele hata kidogo?

Jumamosi kazi ilikuwa nusu siku. Redio aliondoka akimpungia ngumi ya kumtia moyo: "Kesho usilie! Ukilia umeshindwa!" Mashine zikazimwa, na jengo lililozoea kunguruma likawa kimya. Mama Pasi akabaki chumba cha kukunjia, kati ya marundo ya mashuka. Alikusudia kuondoka. Ila alipofikiria nyumbani, na lile begi chini ya kitanda, na mumewe akiuliza "Tule nini?" kama mtu asiye na lolote, miguu ikagoma.

Akapiga magoti. Sakafu ilikuwa ya saruji, ngumu na baridi, na magoti yake yalikuwa yamesahau kazi hiyo.

Mwanzo maneno yalikuja yenyewe. "Bwana, wewe unaona, Jumatano..." Akajiziba mdomo kwa kiganja. Yakaja tena. Akaziba tena. Ilikuwa kama kumzuia mtoto asitoke nje mvua inaponyesha. Alipofanikiwa kunyamaza kwa mdomo, moyo ukaendelea kupiga kelele. Na kelele za moyo zilipopungua, chini yake akakuta kitu ambacho hakukitarajia. Alidhani atakuta hasira. Akakuta woga. Aliogopa kuachwa. Aliogopa vibaya sana, na alikuwa hajamwambia Mungu hilo hata mara moja, katika maombi yote yale.

Hakusema kitu. Aliuacha woga uonekane.

Bomba lilidondosha tone, akalisikia, wala hakulifanya jibu.

Na hapo, bila kuitafuta, ikaja meza. Meza ya nyumbani kwao, miaka mingi iliyopita, wageni wamejaa, nyama imeiva. Mumewe enzi zile alikuwa na ari mpya ya wokovu, na akiwa kwenye mfungo kila mtu alijua: hanyoi ndevu, midomo imekauka, anavuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia. Siku ile mgeni mmoja akamuuliza kwa nini hali. Na Mama Pasi, aliyekuwa na ulimi mwepesi na aliyependa watu wacheke, akadakia:

"Huyu mwacheni! Huyu akifunga, nyumba nzima imefunga. Uso unakuwa kama mlango wa mochwari, hata paka hapiti!"

Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzaha ule alikuwa ameukumbuka siku zote, na aliurudia mara nyingi, kwa kuwa ulikuwa mtamu. Ambacho hakuwahi kukikumbuka, na ambacho sasa alikiona kama kimewekwa mbele yake juu ya sakafu ile, ni sahani. Mumewe alicheka wa mwisho. Kisha akavuta sahani, akapakua, akala. Alikula mbele ya watu wote, macho chini, haraka haraka, kama anayefuta kitu. Na tangu siku ile hakusema tena habari za kufunga.

*Huyu akifunga.*

Neno likabaki hewani, likajigeuza taratibu kama shuka linalogeuzwa upande wa pili. *Amefunga, mama.*

Alikuwa ameutazama mlango. Mtu kamwambia amefunga, naye akautazama mlango!

Kisha yote yakaja kwa pamoja, hata hakuwahi kuyapokea. Chai isiyonywewa. Uso ulionawiwa. Mafuta kichwani. Tangu utoto alifundishwa kanisani jinsi Bwana alivyoagiza: anayefunga anawe uso, ajipake mafuta, watu wasijue, ajue Baba aliye sirini. Alikariri fundisho hilo akiwa na meno ya maziwa, na alipoliona likitembea nyumbani mwake kwa miguu miwili, likiimba kwa puani, akaliita uzinzi. *Hayuko peke yake.* Ile sauti laini ya kubembeleza na kungoja. Na mlinzi mwembamba, "mikono yako ibarikiwe", na kile kitu chini ya kofia. Kumbe salamu ile iliyooshwa mpaka mpira wa kifuniko ilitoka kwa mtu mwenye njaa na mwenye shukrani.

Mama Pasi alicheka. Kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, naye akakiacha kiwe kilivyotaka.

Alipoinuka, akishikilia rundo la mashuka, akajitazama. Sketi yake ya buluu ya kazi ilikuwa na mabaka mawili magotini, ya mviringo, meupe kwa vumbi la wanga na nyuzi za pamba. Akasimama akiyatazama. Miaka yote hii anasoma nguo za watu, na hii hakuijua, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuivaa.

Shaka, hata hivyo, haiondoki kama mgeni mwenye adabu. Hurudi kusema imesahau mwavuli. Njia nzima ilimnong'oneza: na kama unajidanganya? Pita kwa mlinzi, muulize. Au muulize mwenyewe, leo, umtazame machoni. Mama Pasi aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Lakini akaona pia kwamba akiuliza, atakuwa ameifungua tena ile stoo na kuwaita wageni. Mara ya kwanza alimnyang'anya mumewe mfungo kwa mzaha. Mara ya pili atamnyang'anya kwa upelelezi.

Na kikao kilikuwa kimekwisha kuitwa.

Jumapili walikaa wanne sebuleni kwa wazee. Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti. Begi alikuwa ameliona. Usiku alipotafuta kandambili chini ya kitanda, mkono wake ulisimama, kisha akalala. Sasa alikuwa na uso wa mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Mzee msimamizi alisafisha koo. Alipenda vikao, na alipenda mambo yaelezwe kwa urefu. "Mwenye kikao aseme."

Mama Pasi akasimama. "Niliwaita nimshitaki mume wangu."

"Kwa kosa gani?"

"Niliona dalili."

"Zitaje."

Hapo akanasa. Akitaja chai, akitaja mafuta, akitaja Jumatano na Ijumaa, wazee hawa si wajinga. Watajua kabla hajafika kwenye hotipoti. Akasema, "Dalili nilizisoma vibaya."

"Ngoja, ngoja." Mzee akavua miwani. Sasa shaka ilikuwa imehamia kwake. "Mwanamke hafungi begi kwa dalili alizosoma vibaya. Kijana wangu," akamgeukia mume, aliyekuwa na mvi tayari, "umemtisha nini mwenzako mpaka anaogopa kusema?"

"Sijamtisha, mzee."

"Basi jieleze. Kuna nini huko unakokwenda?"

Mumewe alifungua kinywa. Mama Pasi aliona anataka kujitetea, na kwamba utetezi alionao ni mmoja tu, na akishautoa hautarudi. "Kuna jambo," mumewe akaanza polepole, "ambalo mimi na..."

"Asiseme!" Mama Pasi akadakia, na safari hii ulimi wake mwepesi ulimfaa. "Mzee, naomba asiseme. Mkosaji ni mimi. Niliwahi kumcheka mbele ya watu kwa jambo lisilochekwa, na nyumba yangu ikawa mahali asipoweza kulifanya. Nilimcheka hadharani, kwa hiyo hadharani namwomba radhi. Baba watoto, nisamehe."

Mzee akarudisha miwani usoni.

"Jambo gani hilo?" mzee akauliza, kwa uchu kidogo.

"Yeye analijua."

Mumewe alimtazama mkewe kama mtu anayepima kitambaa dukani, akitafuta kasoro, kwa kuwa na yeye, maskini, alikuwa na haki ya kushuku. Alitazama muda mrefu. Kisha mabega yake yakashuka.

"Nimesamehe," akasema. "Ule mzaha wenyewe ulikuwa mzuri. Hata paka hapiti!"

Mzee hakuelewa, akawatazama wote kwa zamu. Mama msimamizi akainuka. "Kama hakuna shitaka, kuna chai," akasema. Alipompita Mama Pasi alimgusa begani, na macho yake yakashuka kidogo kwenye magoti, yakapanda. Chai ikaletwa. Ilikuwa Jumapili, na mumewe alikunywa.

Walirudi nyumbani kwa miguu.

"Nani amekwambia?" akamuuliza mkewe.

"Hakuna. Fundi mkuu alisema neno, nikalisikia vibaya. Nikaja kulisikia vizuri mahali pengine."

Walitembea kidogo. "Ungependa kujua ninaomba nini?"

Mama Pasi akauma mdomo. Swali lilimwasha kama nguo ya sufu mwilini. Anaomba nini, mpaka aache kula? Ni mimi? Ni ulimi wangu? Ni ugonjwa ananificha? Kila shaka aliyowahi kuwa nayo ilikuwa imesimama mstari, inangoja ruhusa.

"Napenda sana," akasema. "Usiniambie."

Jumatatu Redio alikuwa anamngoja mezani, pasi mkononi. "Enhe! Amekiri?"

"Nimekiri mimi."

"Wewe?" Pasi ya Redio ilibaki juu ya shati la watu mpaka likaanza kunukia. "Na hotipoti je?"

"Hotipoti ni safi," Mama Pasi akasema. "Angalia shati hilo, mwenzangu."

Jumanne jioni akajaza chupa ya mafuta nyuma ya sabuni ya unga, akairudisha pale pale ilipokuwa. Jumatano hakumuuliza mtu kama atakunywa chai. Hotipoti aliijaza mpaka kifuniko kikalalamika, akaongeza kipande kikubwa cha nyama kwa ajili ya tumbo asilolijua vizuri, ndani ya sare kubwa.

Na suruali ya kazi, kabla ya kuikunja, alikuwa ameigeuza nje ndani, akashona pedi mbili za kitambaa laini mahali pa magoti. Alishona kwa ndani, kwa mkono, sindano ikiokota uzi mmoja mmoja, ili kwa nje pasionekane hata mshono.

Asubuhi ile alimsikia mumewe chumbani akivaa, akiimba kwa puani. Wimbo ukakatika. Kukawa kimya kidogo, kama cha mtu anayekunja goti, analikunjua, analikunja tena.

"Eeh?" akasema mumewe.

Mama Pasi aliendelea kuosha vikombe.